Pengo na Mwanya

Siku mwanafunzi wa fasihi anaposimama mbele ya jopo la idara kutetea pendekezo lake la utafiti, swali moja halikosi. Haulizwi riwaya aliyoichagua ilimfanya nini, wala alikwama wapi alipokuwa akiisoma. Anaulizwa: pengo liko wapi? Naye, kwa kuwa ameshafundwa, hujibu kwamba waliotangulia wamechunguza dhamira katika riwaya hiyo, wengine wahusika, mmoja amegusa mtindo, lakini hakuna hata mmoja aliyechunguza taswira za wanyama. Wanajopo wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Pengo limeonekana, kilichobaki ni kuliziba.

Waswahili tuna maneno mawili ya nafasi iliyo kati ya meno. Pengo ni pale palipokuwa na jino likang'oka. Mwanya ni nafasi aliyozaliwa nayo mtu. Hakuna kilichopotea hapo, na wengi huuhesabu kuwa urembo. Mwenye pengo hutafuna kwa taabu, mwenye mwanya hutabasamu. Nimekaa maktabani miaka kadhaa nikipekua tasnifu za umahiri na uzamivu za fasihi ya Kiswahili, baadhi kwa kazi, baadhi kwa udadisi tu, na kadiri ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mengi ya yale tunayoyaita mapengo ni mianya. Hakuna aliyechunguza taswira za wanyama katika riwaya ile huenda kwa sababu hapakuwa na cha kuchunguzwa. Na wakati tunaziba mianya, mapengo ya kweli, yale ambayo jino limeng'oka na ufizi unauma, tunayapita kando.

Si kwamba mambo yalianza hivi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa chini ya London, na kwa miaka yake ya mwanzo fasihi iliyosomwa humo ilikuwa ya Kiingereza. Farouk Topan alianza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1968. Mwaka huohuo, kule Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam ilianzishwa 1970. Kwa hiyo tunazungumzia uwanja wenye umri wa mtu mzima ambaye bado hajazeeka. Waliousimamisha wengine tumewaona kwa macho.

Na tuangalie waliousimamisha walitafiti nini. Topan aliandika tasnifu yake ya udaktari, London, juu ya nyimbo za pepo katika kilinge cha Mombasa. Ebrahim Hussein aliandika yake katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, mwaka 1975, juu ya maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki. Penina Muhando aliandika ya kwake hapohapo Dar es Salaam, 1983, juu ya sanaa za jadi za Wakaguru kama chombo cha mafunzo. Euphrase Kezilahabi alianza na tasnifu ya umahiri juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, 1976, kisha akaenda Wisconsin, Marekani, na mwaka 1985 akakamilisha tasnifu ya udaktari iliyohoji misingi ya kifalsafa ambayo kwayo fasihi ya Kiafrika hufasiriwa. Mwaka uliofuata Mugyabuso Mulokozi akamaliza yake, juu ya tendi za nanga za Wahaya.

Orodha hii ya watafiti ni orodha ya waandishi. Topan ndiye wa *Mfalme Juha* na *Aliyeonja Pepo*. Hussein alikwisha kuandika *Kinjeketile* (1969) na *Mashetani* (1971) kabla hajaandika tasnifu. Muhando alikuwa na *Hatia* na *Pambo* jukwaani. Kezilahabi alikuwa ameshaitikisa nchi kwa *Rosa Mistika*, na kwa *Kichomi* (1974) alikuwa ameshatia moto kwenye ugomvi wa mashairi huria. Mulokozi alikuwa mmoja wa wawili walioandika *Malenga wa Bara*, pamoja na Kulikoyela Kahigi, kisha *Mukwava wa Uhehe*. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kuelekezwa pengo. Mtu aliyeandika tamthilia katika umbo lililofika nchini kwa meli, huku nyanya zake wakiwafunda wasichana kwa ngoma na maigizo ambayo hakuna aliyeyaita tamthilia, ana swali linalomnyima usingizi. Utafiti kwake ni kwenda kulitafutia jibu.

Tuje sasa kwenye tasnifu ya kawaida ya leo. Ina sura tano. Ya kwanza ni utangulizi: usuli, tamko la tatizo, malengo, maswali, umuhimu, mipaka. Ya pili ni mapitio ya maandiko na kiunzi cha nadharia. Ya tatu ni mbinu za utafiti. Ya nne ni uwasilishaji na uchambuzi wa data. Ya tano ni muhtasari, hitimisho na mapendekezo. Umbo hili halina dhambi. Mtafiti wa malaria atalipenda, na mtafiti wa utoro shuleni atalihitaji. Kichekesho huanza pale linapovalishwa mtu anayesoma diwani. Sura ya tatu inamtaka ataje eneo la utafiti, naye anaandika kwamba eneo ni maktaba, kisha anaeleza kwa nini amechagua maktaba hiyo. Inamtaka ataje sampuli na usampulishaji, naye anaeleza kwamba riwaya mbili ziliteuliwa kwa usampulishaji lengwa kutoka katika jumla ya riwaya za mwandishi. Inamtaka ataje vyanzo vya data za msingi na za upili. Hapo riwaya imekwisha kuwa gunia la mahindi linalochomwa bambo ili mnunuzi aone punje za ndani.

Tena hao ni wale walioruhusiwa kubaki na kitabu chao. Wengine husukumwa kuwahoji watu. Nimesoma kazi ambamo walimu na wanafunzi wa sekondari waliulizwa kwa hojaji kama mwandishi ametumia taswira vizuri, na asilimia ya waliokubali ikachorewa jedwali. Taswira haithibitiki kwa kura. Lakini mwanafunzi alifanya alichoagizwa, na mtahini wa nje akaona jedwali akapumua.

Sitaki kuwacheka wanafunzi. Wengi wao ni walimu wa sekondari au wahadhiri wasaidizi, wana vipindi asubuhi na watoto jioni, ada wanajilipia au wanakatwa, na wanahitaji cheti ili wapandishwe daraja au wasiondolewe kazini. Mtu wa namna hiyo hatachagua swali linaloweza kumgomea katikati ya safari. Atachagua riwaya anayoifundisha, ambayo ni kitabu teule cha mtihani, yenye miongozo tele na wahusika anaowajua kwa majina ya baba zao. Ndiyo maana ukipekua utakutana na majina yaleyale: Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, Shafi Adam Shafi, na kwa upande wa Kenya vitabu ambavyo kidato cha nne kimevisoma kwa miaka minne mfululizo. Msimamizi naye ana wanafunzi kibao. Sura tano zinampa mahali pa kushika. Anaweza kuona kwa haraka nani amefika wapi. Kenya, ambako mwanafunzi wa uzamifu anatakiwa pia awe amechapisha makala katika jarida la kitaaluma kabla ya kuhitimu, tasnifu hukatwakatwa mapema kwa ukubwa wa makala, na makala nayo hudai pengo lake dogo.

(Hata jina la shahada hatujakubaliana. Tanzania tunasema umahiri na uzamivu, Kenya wanasema uzamili na uzamifu. Laiti tungetofautiana kwa hilo tu! Shida ni kwamba orodha za marejeleo za upande mmoja hazijui kilichoandikwa upande wa pili, na mwanafunzi wa Eldoret na wa Dodoma wanaweza kuziba mwanya mmoja mwaka mmoja bila kusikiana.)

Nadharia nayo imekuwa sehemu ya vazi hilo. Katika sura ya pili tunaambiwa nadharia iliasisiwa na nani, wapi, mihimili yake ni mingapi, na kwa nini imeteuliwa. Halafu sura ya nne inaipitisha riwaya mhimili kwa mhimili kama mtu anayehesabu mifuko ya saruji. Istilahi zenyewe si haba. Kamusi ya fasihi ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2003, pamoja na kitabu chake cha uhakiki kilichotangulia mwaka mmoja, vilitupa maneno ya kuzungumzia karibu kila kitu kilichozungumzwa Paris na Moscow katika karne ya 20, na kazi hiyo haina bei. Lakini maneno yakiwa mengi, mtu hupata wepesi wa kutaja kitu bila kukiona.

Chukua mwingiliano matini. Neno la asili lilitungwa na Julia Kristeva miaka ya 1960 alipokuwa akimsoma Bakhtin, na tasnifu zetu humtaja kila mara. Sasa mtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840. Sehemu ya mashairi yake ni majibu. Kuna mtu Lamu alisema, au mtu wa mtaa wa pili alitunga, naye akajibu kwa vina na mizani, akitumia neno la mwenzake na kuligeuza. Ukilisoma shairi hilo peke yake umesoma nusu ya mazungumzo. Majibizano hayo baadaye yalihamia magazetini, na *Mambo Leo* na yaliyofuata yakayapa kurasa kwa miongo mingi. Jadi yenye kanuni zake za kujibu, adabu zake za kutukana bila kutaja jina na mbinu zake za kumlazimisha mpinzani afuate kina chako, imeshafanya nusu ya kazi ya nadharia. Mwanafunzi angeweza kuuliza: mtunzi alijuaje kwamba shairi linahitaji jibu? Ni nini kwenye ubeti kinachomfanya msomaji aone kwamba amechokozwa? Badala yake anaandika kwamba kwa mujibu wa Kristeva kila matini ni mosaiki ya matini nyingine, kisha anaonyesha kwamba Muyaka pia ni mosaiki.

Na hapa ndipo penye moja ya mapengo yangu ya kweli. Tunamsoma Muyaka leo kwa sababu karne ya 19, Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mashairi hayo kutoka vinywani mwa watu na kumfafanulia mmishonari W. E. Taylor maana na visa vyake. Karatasi za Taylor zikaishia London, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani Johannesburg. Mtafiti wa kwanza katika mnyororo huo hakuwa na shahada, wala jina lake halimo kwenye jalada. Utafiti wa kina juu ya namna Sikujua alivyofanya kazi, alichochagua, alichoacha, na jinsi maelezo yake yalivyoyafunga mashairi katika visa maalumu, ungekuwa tasnifu ya kuitwa uzamivu kwa maana halisi ya kuzama. Ungehitaji kitu kimoja ambacho wahitimu wetu wengi hawana: uwezo wa kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Hili linapaswa kutustua kuliko linavyotustua. Mswada wa *Utendi wa Tambuka* una tarehe ya 1728. *Hamziya* ya Kiswahili nayo ni ya kale. *Al-Inkishafi*, *Utendi wa Mwana Kupona*, karibu kila tunachokiita urithi wa ushairi wetu, kiliandikwa kwa hati hizo, hati zisizoandika irabu zote za Kiswahili wala kutofautisha konsonanti zake zote, hivyo kila anayehamisha mswada kwenda herufi za Kirumi anafanya uamuzi wa kifasihi katika kila mstari. Je, hapa ni *p* au *b*? Je, mtunzi alisema kwa Kiamu au mnakili wa Mombasa amemsawazisha? Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo mkubwa wa miswada hiyo, ulioorodheshwa na J. W. T. Allen mwaka 1970. Lakini kuhariri mswada, kulinganisha nakala, kuamua neno, hakuhesabiki kuwa utafiti, kwa kuwa hakuna hojaji wala kiunzi cha nadharia. Anayetaka kufanya kazi hiyo hupanda ndege. Clarissa Vierke alihariri *Utendi wa Haudaji* na kuchambua usanii wa tendi katika tasnifu yake ya Bayreuth, iliyochapishwa 2011. Annachiara Raia aliushughulikia utendi wa Yusuf, na baadaye wote wawili wakajikita katika mashairi ya Ustadh Mahmoud Abdulkadir wa Lamu, Ustadh Mau, mshairi aliye hai na mwenye maktaba yake. Sina kijicho nao. Kazi ni nzuri na imefanywa kwa heshima. Ninachouliza ni kwa nini kijana wa Kwale au Pangani, aliyesoma chuo cha Kurani akiwa na miaka sita na anayezijua herufi hizo kama vidole vyake, akifika shahada ya pili anaambiwa aziweke kando ili aje kuhesabu tamathali katika kitabu cha mtihani.

Pengo la pili ni la balagha, na hapa naomba niruhusiwe kukaa.

Neno lenyewe tunalo. Kila mwanafunzi wa sekondari anajua swali la balagha, yaani swali lisilohitaji jibu, na wengi hawajui zaidi ya hapo. Katika elimu ya Kiislamu balagha ni somo kamili lenye matawi matatu, maani, bayani na badii, na lilisomwa pwani kabla chuo kikuu chochote hakijafunguliwa. Sisi tumechukua neno, tukaacha elimu. Katika tasnifu balagha imekuwa orodha ya tamathali za semi: tashibiha kumi na mbili, sitiari saba, tashihisi tatu. Hakuna anayeuliza zilimshawishi nani kufanya nini.

Na bado sijui watu wanaoishi kwa kusema kuliko sisi. Mshenga anaingia nyumba ya watu, anakaa, anakohoa, anaeleza kwamba wamepita njia wakaona ua zuri kwenye bustani, wangependa kujua mwenye bustani. Hakuna ua wala bustani, na hakuna asiyejua hivyo, lakini mshenga akisema wazi anachotaka ameharibu. Wenyeji nao watamrudishia palepale: ua liko, lakini lina miiba, na mwenye bustani amesafiri. Hayo ni mabishano ya hoja kwa hoja, yenye bei ndani yake, yanayoendeshwa kwa sitiari moja ambayo pande zote mbili zimekubaliana kutoitoka. Dalali wa samaki Feri, mpiga debe wa stendi, mwimbaji wa mipasho, mhubiri wa Jumapili, khatibu wa Ijumaa, mbunge anayeomba mwongozo wa Spika: kila mmoja ana ufundi wake, na kila mmoja anaweza kushindwa mbele ya watu. Wanaisimu wamewagusa baadhi yao kupitia pragmatiki. Wanafasihi wamewaacha kwa kuwa hawana kitabu.

Mfano mmoja tu. Novemba 1978, Julius Nyerere alipotangaza kwamba Tanzania itampiga Idi Amin, aliweka mbele ya taifa vitu vitatu: uwezo, sababu na nia. Kila Mtanzania wa rika fulani anaikumbuka sehemu hiyo, na mara nyingi husikika ikirudiwa kwa mpangilio mwingine, tena na wanasiasa wenye vita vidogo zaidi. Twende polepole. Nyerere hakusema kwamba tuna uwezo. Alitanguliza nomino, akaliacha *tunao* lije mwishoni. Kwa Kiswahili, mtu anayesema *uwezo tunao* anajibu swali. Kuna mtu amesema au amefikiri kwamba uwezo hatuna. Kwa kupindua sentensi, msemaji ameuingiza wasiwasi wa msikilizaji ndani ya hotuba bila kuutaja, na ameujibu papo hapo. Kisha tazama upatanisho wa kisarufi: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mwangwi ule haukutafutwa, umetolewa na ngeli zenyewe. Lugha yenye ngeli humpa msemaji vina bure, mradi ajue wapi pa kuviweka. Na mpangilio nao una kazi. Wa kwanza ni uwezo, kwa kuwa ndio uliotiliwa shaka. Wa mwisho ni nia, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo msikilizaji alipaswa kuitoa yeye mwenyewe. Wanaoanza na nia wamepata maneno yote matatu na kupoteza hotuba.

Mtu huyohuyo alikwisha kutafsiri *Julius Caesar* kwa Kiswahili, toleo la kwanza likatoka 1963 na lililosahihishwa 1969, tamthilia ambayo kilele chake ni hotuba mbili juu ya maiti moja. Rais alikesha akitafuta jinsi Antonio atakavyougeuza umati kwa Kiswahili, na miaka tisa baada ya toleo la pili akausimamisha umati wake mwenyewe. Kati ya dawati lile na jukwaa lile kuna tasnifu ya uzamivu inayomngoja mtu. Vyombo vya kuiandikia vimo humuhumu katika sarufi yetu, katika malumbano na katika balagha ya chuoni. Aristotle naye akaribishwe, akae kwenye mkeka pamoja na wenzake.

Kuna na pengo jingine ambalo nitalitaja tu. Mwaka 1965, Lubumbashi, Kongo, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha huko historia ya mji huo, uliokuwa ukiitwa Elisabethville, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha na kuichambua mwaka 1990. Ni nathari ya Kiswahili yenye sauti isiyofanana na nyingine yoyote, na katika silabasi zetu za fasihi haina hata kiti cha pembeni, kwa kuwa si sanifu na si hadithi.

Nimeacha uandishi wa kubuni mwisho, ingawa ndio unaoniuma zaidi. Chuo Kikuu cha Iowa kilitangaza mwaka 1922 kwamba kitapokea kazi za sanaa badala ya tasnifu. East Anglia, Uingereza, walianzisha shahada yao ya umahiri ya uandishi mwaka 1970. Kwa Kiswahili, tasnifu ninazozijua mimi ni za uhakiki. Mwanafunzi anaweza kutunukiwa udaktari kwa kueleza jinsi Kezilahabi alivyovunja vina. Hawezi kutunukiwa kwa kuvivunja mwenyewe. Kazi ya kumtambua mwandishi tumewaachia wenye tuzo. Tuzo iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imewatoa watunzi kama Mohammed Khelef Ghassany na Dotto Rangimoto, na tangu 2023 kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tuzo humpa mtu fedha na uchapishaji. Haimpi miaka mitatu ya kukaa na wasomaji wakali wanaomwambia kwamba sura ya saba imekufa.

Wapinzani wa jambo hili nawaelewa, na baadhi yao ni walimu wangu. Wanasema riwaya haisahihishiki. Kwamba milango ikifunguliwa kila mwenye mswada uliokataliwa na wachapishaji atakuja kuudai udaktari. Kwamba chuo ni mahali pa maarifa na si pa vipaji. Hoja ya kwanza ina uzito. Wasahihishaji wa namna hiyo itabidi waandaliwe, na tutakosea mara kadhaa kabla hatujapata kipimo. Ya pili ni kweli pia kwa uhakiki: tasnifu dhaifu za sura tano tunazo rafu na rafu, na hakuna aliyependekeza tufunge idara. Ni hii ya tatu ninayoikataa. Hussein alikuwa na maarifa juu ya Maji Maji ambayo yasingeingia katika makala, ndiyo maana akaandika *Kinjeketile*. Mzozo wa mashairi huria ulikuwa mjadala mkubwa kuliko yote ya nadharia tuliyowahi kuwa nayo katika Kiswahili, ukihusu shairi ni nini na nani ana haki ya kusema, na upande mmoja wa hoja uliletwa kwa mashairi yenyewe. Amri Abedi alikuwa ameweka sheria za kutunga kitabuni tangu 1954. Jibu lililokuja na *Kichomi* lilikuwa diwani.

Na baada ya tasnifu ya 1985, Kezilahabi alirudi kwenye maswali yaleyale kwa njia nyingine. *Nagona* na *Mzingile*, riwaya mbili fupi zilizowashangaza wasomaji waliozoea *Rosa Mistika*, wahakiki wengi wamezisoma kuwa mwendelezo wa hoja alizozianzisha Wisconsin: ukweli ni nini, nani anaushika, lugha inaufikisha wapi. Mtu yuleyule, mawazo yaleyale. Yaliyoandikwa kwa Kiingereza yakampa udaktari. Yaliyoandikwa kwa Kiswahili yamewapa wengine udaktari.

Hebu mfikirie anakuja leo, kijana wa Ukerewe asiyejulikana, na *Nagona* chini ya kwapa, anaiweka mezani kama tasnifu yake. Nakala tatu zimejalidiwa kwa jalada gumu, jina limepigwa kwa herufi za dhahabu. Mtahini anazivaa miwani zake, anafungua, anasoma mpaka mwisho, pengine anarudia. Kisha anachukua fomu ya ripoti, anaijaza kifungu kwa kifungu, na kwenye kifungu cha nne anaandika kwa mwandiko mzuri: eneo la utafiti halikubainishwa.